Uzi maalum: Kufunga na kuendesha pampu ya umeme kisimani bila kuunguza mota wala kupigwa shoti (Tanga na pwani yote karibuni)

#1 fundi_pampu_Tanga

Wakuu habari za saa hizi. Kiangazi kimeanza kukaza, visima vya Pongwe, Kange, Mikanjuni mpaka huko Tongoni maji yanashuka na simu zimeanza kuita, "fundi pampu inalia haitoi maji", "fundi mota inanuka", na ile inayonitia hofu kuliko zote, "fundi nikishika bomba linanipiga". Karibu zote hizo chanzo chake ni siku ya kufunga, sio ubovu wa pampu. Uzi ni mrefu, ukichoka ruka unapotaka ila sehemu ya eathi (waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini) usiiruke.

Tuanze na pampu yenyewe inavyofanya kazi maana ukishaelewa hapa mengine yote yanajipanga. Ndani kuna impela (gurudumu dogo lenye mapanga), mota ikiizungusha maji yanarushwa pembeni kwa kasi na ile nyumba yake inabadili kasi kuwa presha. Pale katikati yalipotoka maji presha inashuka, na hapo hewa ya nje inayokandamiza maji kule kisimani ndo inayasukuma yapande kwenye bomba. Yani kuyatoa maji kisimani mpaka kwenye pampu ni kazi ya hewa, na hewa ina kikomo. Huku kwetu usawa wa bahari kikomo ni mita 10.3 hata ulete pampu ya hospawa 50, na hiyo ni hesabu ya karatasi tu, ukitoa msuguano wa bomba, elibo (kona za bomba), futi valvu (ile ya mwisho wa bomba chini kisimani inayozuia maji yasirudi) na joto la maji unabaki na mita 7 hivi. Mimi sifungi zaidi ya mita 6 kutoka kwenye pampu mpaka usawa wa maji wa kiangazi. Nasema wa kiangazi, sio ule uliopima mwezi wa tano masika imejaza kisima.

Na kwa sababu impela inarusha kwa uzito wa kinachozunguka, ikiwa na hewa ndani hairushi kitu, hewa ni nyepesi mno. Ndo maana lazima ujaze maji pampu na bomba lote la kisimani kabla ya kuwasha, kila mara ukishafungua chochote. Kuna kifuniko cha kujazia juu ya pampu, fungua, mimina taratibu mpaka maji yasimame bila mapovu, subiri kidogo uone kama yanashuka. Yakishuka futi valvu inavuja, usiwashe, itoe uisafishe kwanza. Watu wanawasha kavu "itavuta yenyewe", sili (kizuizi cha maji kwenye shafti) inazunguka bila maji ya kuipoza inaungua ndani ya dakika chache, halafu maji yanaanza kudondokea upande wa mota, beringi zinakufa, na mwisho mota.

Sasa bomba la upande wa kisimani. Hili ndo lenye roho ya pampu nzima. Lisiwe jembamba kuliko tundu la pampu, likiwa kubwa zaidi ni bora. Inchi moja ukipitisha lita 50 kwa dakika umefika mwisho wake. Elibo chache iwezekanavyo. Lipande mfululizo kuelekea kwenye pampu, lisiwe na mahali linapanda juu halafu linashuka, maana pale juu hewa itakaa na haitoki. Futi valvu ikae sentimita 30 juu ya tope la chini na iwe imezama angalau nusu mita chini ya maji hata siku maji yameshuka kabisa, vinginevyo utaona maji yanazunguka kama pia na pampu inameza hewa. Na usiweke geti valvu (koki ya kufungulia na kufungia maji) upande huu ili upunguze maji. Ukitaka kupunguza, punguza upande wa kutolea. Ukibana upande wa kisimani presha inashuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi, vipovu vinapasuka kwenye impela, utasikia sauti ya changarawe ndani na ukija kufungua utakuta impela imeliwa mashimo mashimo.

Naendelea kwenye umeme, nipeni muda.

#2 bustani_ya_Pongwe

Asante sana fundi, mimi nina bustani ya mchicha na bamia, nimenunua pampu imeandikwa pale kwenye kibati mita 35 na lita 100 kwa dakika lakini tanki langu liko juu ya mnara mita 6 tu na naona yanakuja kamkojo hivi. Muuzaji aliniambia mita 35 inatosha hata ghorofa. Nimeibiwa au?

#3 fundi_pampu_Tanga

Dada hujaibiwa, ila hukuelezwa. Vile vipimo viwili havipatikani kwa wakati mmoja. Mita 35 ni pale pampu inapokuwa haitoi hata tone, na lita 100 ni pale inapotoa maji hapo hapo bila kupandisha. Kazi yako iko katikati. Piga hesabu hivi: toka usawa wa maji kisimani mpaka pampu tuseme mita 5, toka pampu mpaka mdomo wa juu wa tanki mita 8 ukihesabu mnara na urefu wa tanki lenyewe, jumla 13, ongeza msuguano wa bomba mita 2 au 3, unapata kama 16. Ndani ya boksi kuna karatasi yenye mchoro wa mstari unaoshuka, angalia kwenye mita 16 inatoa lita ngapi. Ikitoa 40 basi tanki la lita 1000 linajaa dakika 25, hiyo ni nzuri tu.

Kamkojo lakini kananipa wasiwasi wa kitu kingine, hewa inaingia. Nambie, bomba la kisimani limeungwa na nini, na yunioni (kile kiungo cha bomba kinachofunguka) iko wapi?

#4 bustani_ya_Pongwe

Yunioni iko hapo hapo karibu na pampu, plastiki, imefungwa na tredi tepu. Haivuji hata kidogo fundi nimepapasa pakavu kabisa.

#5 fundi_pampu_Tanga

Hapo ndo wengi wanapokwama. Upande wa kisimani pampu ikiwa inafanya kazi presha ya ndani ni ndogo kuliko ya nje, kwa hiyo palipo na tundu maji hayatoki, hewa ndo inaingia, na utapapasa mpaka jioni hutaona unyevu. Fanya hivi: pampu ikiwa inafanya kazi paka povu zito la sabuni kuzunguka yunioni na kila jointi ya upande ule, povu likifyonzwa na kuacha kishimo ndo hapo hapo. Mikono iwe mbali na boksi la waya wakati unapaka. Angalia na ile pete ya mpira ndani ya yunioni, mara nyingi imekaa upande au ina chembe ya mchanga.

#6 fundi_pampu_Tanga

Narudi kwenye umeme wakuu.

Maji na umeme wa volti 230 mahali pamoja, mtu yuko pekupeku, ardhi imelowa, hapo mwili wako unapitisha umeme vizuri kuliko mahali pengine popote nyumbani. Mambo matatu lazima yawepo: waya wa eathi uliofungwa kwenye skrubu ya eathi ya mota, rodi ya eathi (nondo inayopigwa ardhini), na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampu 30 peke yake kwa ajili ya pampu.

Kuna mafundi wanasema rodi inatosha. Tufanye hesabu mbele ya wote. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa om 20, na huo ni mzuri tu kwa mchanga wetu mkavu wa pwani au sehemu zenye mawe ya matumbawe ambapo rodi haiingii hata nusu yake. Waya wa moto ukigusa bodi (ganda la chuma) ya pampu, 230 gawanya kwa 20 unapata ampia 11 na nusu. Sakiti breka yako ni ya ampia 16. Haikati! Bodi ya pampu inakaa na umeme mchana kutwa, mita ya LUKU inakula uniti, na anayekuja kushika anashika umeme. RCD yenyewe inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ukipotea miliampu 30 inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo vyote viwili, sio kimoja. Na ina kitufe cha kujaribu, kibonyeze kila mwezi, isipokata ibadilishe siku hiyo hiyo.

Waya: watu wanachukua waya wa taa wanavuta mpaka kisimani. Pampu ya hospawa 1 inakula kama ampia 5 ikiwa inafanya kazi, ila inapoanza inavuta mara tano mpaka saba ya hapo, tuseme 30. Kisima kiko mita 100 toka kwenye main, waya wa milimita 1.5 kwenda na kurudi una ukinzani kama om 2.4, mara 30 unapoteza volti 72 pale pale inapotaka kuanza. Mota inapata kama 158, haina nguvu ya kuanza, inavuma tu, inapika waindingi (koili za waya ndani ya mota). Na huku kwetu saa moja jioni umeme wenyewe umeshashuka. Weka milimita 4 kwa umbali huo, na kama mita yako inasoma chini ya 207 usiwashe, subiri usiku utulie.

Waya uzikwe ndani ya paipu, usilale juu ya majani ambapo jembe linapita. Swichi iwe mahali unaposimama pakavu, ndani ya boksi lisiloingia mvua, na uweze kuiona pampu ukiwa umesimama kwenye swichi. Kazi ya waya apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na muulize akuoneshe.

#7 mzee_wa_Duga

Kijana umeongea vizuri. Mimi kisima changu kina futi 40 mpaka kwenye maji, fundi mmoja ameniambia ashushe pampu ndani kisimani aiweke kwenye kibao katikati, halafu siku umeme hamna ashushe ile ya petroli. Wewe waonaje?

#8 fundi_pampu_Tanga

Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usikubali, naomba sana.

Futi 40 ni mita 12, pampu ya juu (inayokaa nje ya kisima) haiwezi kabisa, hapo fundi yuko sahihi. Lakini hiyo pampu ya juu ya umeme ikiwekwa ndani ya kisima, siku mvua ya vuli ikipandisha maji inazama ikiwa na umeme, na atakayeshuka kuifuata anashuka kwenye maji yenye umeme. Ya petroli ndo usiizungumzie kabisa mzee. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ndani ya kisima haina pa kutokea, mtu analegea ndani ya dakika chache, anayemfuata kumuokoa naye analegea, ndo unasikia watu wawili watatu wa familia moja wamekufa kisima kimoja. Na wale wa kushusha mshumaa kwanza, mshumaa unaonesha kama hewa ya kupumua ni kidogo, ile sumu ya moshi haizimi mshumaa. Unawaka vizuri na mtu anakufa.

Mzee wewe chukua pampu ya kuzamisha, ile ndefu ya chuma kisichoshika kutu, inaning'inizwa kwa kamba imara ya nailoni (sio kwa waya wake wa umeme) na hamna mtu wa kushuka. Au kuna zile za juu zenye bomba mbili, moja inarudisha maji chini kwenye kitu kama pua ili kuyasukuma mengine yapande, ila zinakula umeme zaidi kwa maji yale yale. Kwa matumizi ya nyumbani ya kuzamisha ndo nzuri.

#9 mzee_wa_Duga

Marahaba. Nimekuelewa, Mungu akubariki. Huyo fundi namwambia aache.

#10 fundi_umeme_Muheza

Mkuu somo zuri ila kuna kitu kwenye uzi wako mwingine ulisema pampu iwashwe geti valvu ya kutolea ikiwa imefungwa. Mimi nakupinga. Nimebadili waindingi za pampu nyingi huku Muheza za watu waliowasha zikiwa zimefungwa. Ziwashwe wazi, maji yana pa kwenda, mota inapumua.

#11 fundi_pampu_Tanga

Mkuu swali lako ni la msingi na wote tuko sahihi, tunazungumzia pampu mbili tofauti.

Ya senta, yenye impela pana yenye mikono iliyopinda, ikiwa imefungwa inakula umeme mdogo kuliko wakati wowote, kwa sababu hairushi maji, inayazungusha tu. Kwa hiyo unawasha imefungwa au imefunguliwa robo, mota inashika kasi, halafu unafungua taratibu ndani ya nusu dakika. Ukiiacha imefungwa zaidi ya dakika moja mbili maji ya ndani yanachemka na sili inaharibika, hapo nakubaliana na wewe kabisa. Lakini zile ndogo za nusu hospawa zilizojaa madukani, ukifungua unakuta impela ni bapa ya shaba yenye vimeno vidogo pembeni, hizo ni kinyume chake. Ukiifunga ndo inakula umeme mwingi kuliko wakati wowote. Hizo ziwashwe wazi na zisibanwe kabisa. Nadhani ulizobadili waindingi nyingi ni hizo.

#12 fundi_umeme_Muheza

Ni hizo hizo mkuu, nusu hospawa za shaba. Basi nimekupata. Ongezea na fezi tatu basi maana huku kwenye mashamba ya machungwa zipo.

#13 fundi_pampu_Tanga

Za fezi tatu cha kwanza ni mwelekeo. Kuna mshale kwenye nyumba ya pampu. Ijaze maji, igonge umeme mara moja tu na kuzima, angalia feni ya nyuma inazunguka kufuata mshale au la. Ikienda kinyume badilisha waya mbili kati ya tatu, zozote zile. Hatari yake ni kwamba ikizunguka kinyume bado inatoa maji, ila kidogo, mtu anadhani pampu mbovu anaenda kununua nyingine.

Stata (swichi ya kuwashia mota) iwe na ovalodi (kinga inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi) iliyosetiwa kwenye ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, usizidishe ili "isikate kate". Inakata kwa sababu kuna kitu, mara nyingi fezi moja imepotea, na mota ya fezi tatu ikibaki na mbili inaungua chapu.

Kama pampu na mota ni mbali mbali zimeungwa kwa kapling au mkanda, weka kinga ya bati au wavu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya mavazi yetu. Ncha ya kanga au kanzu ikishikwa na shafti inayozunguka mara 2,900 kwa dakika haikupi nafasi ya kuivua. Na zile kubwa zenye kamba za kuzuia maji kwenye shafti, acha zidondoshe tone moja kwa sekunde hivi, lile tone ndo linaipoza, ukikaza mpaka pakavu unakata shafti.

Kuzima hizi za senta (sio zile ndogo za shaba): funga geti valvu ya kutolea taratibu kwanza halafu zima, ili maji yasirudi kwa kishindo yakapasua jointi.

#14 Mwambani_pwani

Wakuu mi niko Mwambani, kisima kiko kama mita 150 toka baharini, miaka yote maji matamu tulikuwa tunachota kwa ndoo. Tangu nifunge pampu ya hospawa 2 maji yameanza kuwa na chumvi, na minazi midogo niliyopanda inaungua majani. Watu wananiambia pampu ina kutu. Ni kweli?

#15 fundi_pampu_Tanga

Pole sana ndugu yangu, sio kutu. Chini ya ardhi karibu na bahari maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo, na kanuni yake ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 ya maji matamu chini yake kabla hujafika kwenye chumvi. Sasa geuza hesabu. Ukishusha maji ya kisima chako nusu mita na ukayaweka hapo hapo chini kwa muda mrefu, chumvi chini yako inapanda kuelekea mita 20. Ndoo zilikuwa hazishushi kitu. Hospawa 2 inashusha kisima chote ndani ya saa moja.

Zima kabisa wiki kadhaa, mvua za vuli zitasaidia kuisukuma chumvi ishuke, lakini haishuki haraka ilivyopanda. Ukirudi weka pampu ndogo, nusu hospawa au ya kuzamisha ndogo, fanya kazi kwa vipindi vifupi asubuhi na jioni, futi valvu isifike chini kabisa, na usikubali fundi wa kisima akwambie tuongeze kina, ukichimba chini unaifuata chumvi yenyewe. Kama unataka maji ya kumwagilia kwa wingi nenda kwanza Bodi ya Maji Bonde la Pangani kuhusu kibali, na uwaulize hali ya maji ya eneo lako, maana kisima chako na cha jirani vinanyonya maji yale yale.

Na chumvi ikishaingia, impela ya chuma cha kawaida haidumu. Angalia ya plastiki ngumu, shaba au chuma kisichoshika kutu.

#16 bustani_ya_Pongwe

Fundi nimerudi! Ilikuwa ile pete ya mpira, imejikunja. Nimebadilisha, bomba linajaa lote sasa. Ila swali moja, jana ilizima yenyewe katikati, nikaenda kuishika ni ya moto kweli, nikawa nainua nione chini, ghafla ikawaka yenyewe mkononi. Nimeogopa mpaka leo sijaiwasha.

#17 fundi_pampu_Tanga

Alhamdulillah umepona. Ndani ya waindingi kuna kifaa kidogo kinakata joto likizidi na kinajirudisha chenyewe ikipoa, hakiulizi kama kuna mtu ameishika. Kwa hiyo pampu iliyojizima usiiguse mpaka umezima breka kule kwenye main, na kapasita (kile kikopo kinachosaidia mota kuanza) iache dakika kadhaa, inabaki na umeme hata baada ya kuzima. Ukikuta inavuma haizunguki, fanya vile vile, zima main, halafu izungushe kwa bisibisi kwenye ule mkato wa shafti nyuma ya feni, mara nyingi chokaa ya maji yetu imeishika. Kuhusu joto, angalia kama jua la saa sita linaipiga moja kwa moja, ijengee kibanda chenye upepo, usiifunike kwa gunia. Na weka floti (swichi inayoelea) kisimani ili maji yakiisha ijizime kabla ya kukauka.

#18 Raskazone_mpangaji

Kwangu RCD ipo lakini kila mvua ikinyesha inakata. Mwenye nyumba anasema fundi aiondoe tu turudishe breka ya kawaida maana pampu yenyewe nzima.

#19 fundi_pampu_Tanga

Usiruhusu iondolewe, inakata kwa sababu umeme unavuja ikilowa, na bila yenyewe huo umeme utapita kwenye bomba la chuma mnalooshea vyombo. Zima main, fungua boksi la waya juu ya mota, nina hakika karibu utakuta maji au mpira wa kuingizia waya umepasuka na mdudu kajenga humo. Kausha, badilisha mpira, angalia jointi zote za waya njiani, kama kuna iliyofungwa kwa selotepu ikatwe ivutwe waya mzima mmoja. Halafu fundi apime mota kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya waindingi na bodi, ikisoma chini ya megaom 1 isiwashwe, ipelekwe ikakaushwe na kupakwa vanishi upya. Mpaka hapo breka ya pampu ibaki chini na mchote kwa ndoo.